Saratani ya Kazini na Miaka Inayoificha

Mfanyakazi akianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi na kuvunjika mguu, hakuna anayeuliza jeraha lake limetoka wapi. Siku inajulikana, mahali panajulikana, na walioshuhudia wapo. Saratani inayotokana na kazi haina siku ya namna hiyo. Aliyevuta vumbi la asbesto, madini ya nyuzi yaliyotumika kuzuia joto, akiwa kijana wa miaka 22 anaweza kuanza kubanwa na pumzi akiwa na miaka 60, wakati ambapo amekwisha kubadilisha kazi mara kadhaa, kampuni iliyomwajiri kwanza imefungwa, na wenzake wa zamu wametawanyika. Daktari anaona maji yaliyojaa kwenye utando wa pafu na uvimbe ulioyaleta. Karakana ambamo mgonjwa alifanya kazi ujanani haionekani kwenye picha yoyote ya eksirei.

Umbali huo wa miaka ndio unaoifanya mada hii iwe ngumu kueleweka, na ndio utakaoongoza maelezo yanayofuata. Kwa saratani nyingi za viungo kama mapafu na kibofu cha mkojo, tangu mfanyakazi aanze kukutana na kisababishi hadi ugonjwa ujitokeze hupita miaka 10 hadi 40. Kwa mesotelioma, saratani ya utando unaozunguka mapafu ambayo kwa sehemu kubwa huletwa na asbesto, hupita miaka 20 hadi 50. Saratani za damu zinazotokana na benzini, kemikali iliyomo pia ndani ya petroli, huweza kuja mapema zaidi, wakati mwingine ndani ya miaka michache. Katika kipindi hicho chote mfanyakazi hujisikia mzima na vipimo vyake vya kawaida huwa safi, na mwajiri akisema kwamba hakuna aliyewahi kupata saratani katika karakana yake huenda anasema kweli kabisa. Lakini kauli hiyo, hata ikiwa ya kweli, haithibitishi kwamba hewa inayovutwa humo leo ni salama.

Jinsi sumu inavyofika mwilini

Visababishi vya saratani kazini si kemikali za maabara peke yake. Vumbi la mbao, vumbi la silika linalotoka kwenye jiwe, mchanga na zege, moshi wa injini za dizeli, moshi wa kuchomelea vyuma, masizi, lami ya makaa ya mawe, mafuta ya mashine yasiyosafishwa vya kutosha, miale ya jua na mionzi ya vifaa vya viwandani na hospitalini: vyote vimo katika orodha zinazotambuliwa kimataifa. Vingi kati yake havina harufu ya kutisha, havichomi macho, wala havimfanyi mtu akohoe siku ile ile.

Njia kuu ya kuingia mwilini ni hewa, na ya pili, ambayo husahauliwa sana, ni ngozi. Benzini hupenya kwenye ngozi, na baadhi ya kemikali zilizotumika kutengeneza rangi za nguo hupenya kwa urahisi kiasi kwamba kupima hewa peke yake hakuonyeshi hatari yote; kipimo cha mkojo wa mfanyakazi ndicho kinachosema kweli. Fundi wa magari anayenawa mikono kwa petroli ili kuondoa grisi anaipaka ngozi yake kimiminika chenye benzini, na anafanya hivyo mwisho wa kazi, akiamini kwamba anajisafisha.

Njia ya tatu ni kinywa. Mfano wake unaojulikana zaidi ni wa wasichana waliopaka rangi yenye radiamu, metali inayotoa mionzi, kwenye nyuso za saa nchini Marekani, hasa katika jimbo la New Jersey, kuanzia miaka ya 1910 hadi ya 1920. Tarakimu zilikuwa ndogo mno, hivyo brashi ilipaswa kuwa na ncha kali, na ncha hiyo waliitengeneza kwa midomo: midomo, rangi, tarakimu, kisha midomo tena, mamia ya mara kwa siku. Radiamu hufanana kikemia na kalsiamu, kwa hiyo mwili uliipeleka kwenye mifupa na kuihifadhi humo, na humo iliendelea kutoa mionzi. Mataya yalianza kuoza, na miaka iliyofuata ilileta saratani za mifupa.

Kisa hicho kinaonyesha jambo ambalo ni la kweli kwa visababishi vingi: mahali saratani inapotokea huamuliwa na jinsi mwili unavyoishughulikia sumu, wala si lazima pawe mahali sumu ilipoingilia. Benzini ikivutwa huvunjwa na ini, mabaki yake hufika kwenye uboho ambako damu hutengenezwa, na hapo huharibu seli changa. Kemikali ya kutengenezea rangi iitwayo beta-naftilamini hubadilishwa na ini, huchujwa na figo, kisha mazao yake hukaa saa kadhaa ndani ya mkojo yakigusana na ukuta wa kibofu. Asbesto kwa upande wake haina haja ya kubadilishwa. Nyuzi zake ni nyembamba na ndefu kuliko seli za ulinzi zinazojaribu kuzimeza. Seli hizo hushindwa, hufa na kumwaga kemikali zinazowasha tishu, na jeraha hilo dogo hubaki wazi kwa miongo. Mara nyingi saratani huhitaji makosa kadhaa ya vinasaba yajikusanye ndani ya ukoo mmoja wa seli, na mkusanyiko huo huchukua muda. Ndiyo maana miaka hupita, na ndiyo maana siku moja ya moshi kwa kawaida si sawa na miaka 20 ya moshi, ingawa hakuna anayeweza kuonyesha siku ambayo madhara yalianza.

Ushahidi ulivyopatikana kwa miili ya watu

Mwaka 1775 daktari wa upasuaji wa London, Percivall Pott, aliandika kwamba saratani ya ngozi ya korodani iliwapata kwa wingi watu waliosafisha mabomba ya moshi, ambao wengi wao walianza kazi hiyo wakiwa watoto, na akataja masizi yaliyojikusanya kwenye mikunjo ya ngozi kuwa chanzo. Huo ndio uhusiano wa kwanza kati ya kazi fulani na saratani ulioelezwa kwa uwazi katika maandishi ya kitabibu. Uhusiano huo aliuona kwa sababu ugonjwa wenyewe ulikuwa nadra kwa watu wengine.

Kisa cha wafanyakazi wa viwanda vya rangi ni kirefu zaidi, na nadhani kinafaa kufuatwa hatua kwa hatua kwa sababu kinapima ucheleweshaji kwa kalenda. Mwaka 1895 daktari wa upasuaji Ludwig Rehn wa Frankfurt alieleza visa vya uvimbe wa kibofu kwa wafanyakazi wa kiwanda cha rangi za anilini. Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu saratani ya kibofu katika viwanda hivyo, na beta-naftilamini ilitajwa humo waziwazi. Bado kulikuwa na wabishi waliotaka uthibitisho wa maabara, nao ulipatikana mwaka 1938 Wilhelm Hueper na wenzake walipofaulu kuotesha uvimbe kwenye vibofu vya mbwa waliopewa kemikali hiyo. Uingereza iliacha kuizalisha mwaka 1949. Mwaka 1954 Robert Case na wenzake walichapisha uchunguzi wa wafanyakazi wa sekta nzima ya rangi ya nchi hiyo, ukionyesha ukubwa wa maafa yaliyokwisha kutokea. Sheria ya Uingereza iliyopiga marufuku kemikali hiyo ilikuja mwaka 1967. Tangu Rehn aandike hadi sheria hiyo ni miaka 72, na kila mwaka kati ya hiyo kulikuwa na watu walioingia kazini asubuhi, wakaloweka mikono yao na kurudi nyumbani bila dalili yoyote.

Pale saratani inapokuwa ya aina adimu, macho hufunguka haraka zaidi. Mwaka 1960 J. C. Wagner na wenzake walieleza visa 33 vya mesotelioma nchini Afrika Kusini, karibu vyote kwa watu waliofanya kazi katika eneo la machimbo ya asbesto la kaskazini-magharibi mwa jimbo la Rasi (Cape) au walioishi tu huko. Mwaka 1974 daktari wa kiwanda kimoja cha plastiki mjini Louisville, Marekani, alitambua kwamba wafanyakazi kadhaa wa kiwanda hicho hicho walikuwa na saratani ya mishipa ya damu ya ini, ugonjwa ambao daktari wa kawaida anaweza kumaliza maisha yake ya kazi bila kuuona. Chanzo kilikuwa gesi ya vinili kloridi, ambayo plastiki ya kiwanda hicho ilitengenezwa kwayo. Kikomo cha gesi hiyo kilichoruhusiwa kazini Marekani kilikuwa sehemu 500 kwa kila sehemu milioni moja za hewa. Kufikia mwaka uliofuata kikateremshwa hadi sehemu 1. Viwanda vililalamika kwamba vingeshindwa, lakini uzalishaji wa plastiki hiyo uliendelea.

Sasa tuchukue hali iliyo tofauti na hiyo, ambayo ndiyo ya kawaida. Saratani ya mapafu huwapata watu wengi, na wengi wao wamevuta sigara. Mchimbaji au dereva akiipata, hakuna alama kwenye uvimbe wake inayosema ulitokana na moshi wa dizeli. Njia pekee ya kuutenganisha uhusiano huo ni kufuatilia maelfu ya wafanyakazi kwa miaka mingi, kujua kila mmoja alivuta kiasi gani, kuhesabu waliokufa na kulinganisha. Uchunguzi wa namna hiyo uliofanywa Marekani ulihusisha zaidi ya wafanyakazi 12,000 wa migodi 8, na matokeo yake yalikuwa miongoni mwa yaliyoufanya moshi wa dizeli utambuliwe rasmi mwaka 2012 kuwa kisababishi cha saratani. Uliwezekana kwa sababu kumbukumbu za ajira na vipimo vya hewa vilikuwapo. Mahali pasipo na kumbukumbu, ugonjwa unaweza kuua idadi ile ile ya watu na takwimu zisionyeshe chochote.

Kuna jambo jingine kuhusu sigara ambalo hupotoshwa mara kwa mara, tena kwa madhara makubwa kwa wagonjwa. Watu husema: alikuwa mvutaji, basi kazi haihusiki. Mwaka 1979 E. C. Hammond, Irving Selikoff na Herbert Seidman walilinganisha vifo vya saratani ya mapafu kati ya wafanyakazi wa Marekani waliofunga vizuia-joto vya asbesto na watu wengine. Wasiovuta sigara waliofanya kazi na asbesto walikuwa na hatari takribani mara 5 ya wasiovuta ambao hawakufanya kazi hiyo. Wavutaji ambao hawakugusa asbesto walikuwa na hatari takribani mara 11. Waliokuwa na vyote viwili walikuwa na hatari zaidi ya mara 50. Mtu akijumlisha 5 na 11 hafiki popote karibu na 50. Visababishi hivi viwili huzidishana. Kwa mvutaji, kwa hiyo, asbesto ilikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kumdhuru, na kumwambia mgonjwa huyo au familia yake kwamba sigara inafuta wajibu wa mwajiri ni kuigeuza hesabu kichwa chini. Takwimu hizo hizo zina habari njema kiasi: aliyewahi kufanya kazi na asbesto akiacha sigara, hatari yake ya saratani ya mapafu hupungua. Hatari ya mesotelioma haibadiliki kwa kuacha sigara.

Makundi ya Lyon na yasiyosemwa nayo

Anayesoma habari za afya hukutana mara nyingi na taarifa kwamba kitu fulani kimewekwa katika Kundi la 1. Makundi haya hutolewa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, lililoanzishwa mwaka 1965 chini ya Shirika la Afya Duniani. Kundi la 1 lina visababishi zaidi ya 120 vilivyothibitishwa kwa binadamu. Kundi la 2A ni vya yumkini, 2B ni vinavyoshukiwa kwa ushahidi hafifu zaidi, na Kundi la 3 ni vile ambavyo ushahidi wake hautoshi kuviweka popote.

Makundi hupima uzito wa ushahidi, hayapimi ukali wa sumu. Kundi la 1 linathibitisha kwamba moto unaunguza. Halisemi mtu amesimama umbali gani na moto huo. Kwa hiyo vitu viwili vikiwa kundi moja haimaanishi vina hatari sawa, na wala Kundi la 3 si cheti cha usalama, kwa sababu mara nyingi linamaanisha tu kwamba hakuna aliyechunguza vya kutosha.

Zaidi ya kemikali mojamoja, shirika hilo hutathmini pia kazi nzima nzima. Kazi ya kupaka rangi majengo na vyombo imo katika Kundi la 1, na mwaka 2022 kazi ya kuzima moto iliingizwa humo. Moshi wa kuchomelea vyuma ulipandishwa hadi Kundi la 1 mwaka 2017. Kazi ya zamu ya usiku imekuwa katika Kundi la 2A tangu mwaka 2007, na tathmini ya mwaka 2019 haikuiondoa hapo.

Moshi wa dizeli ulikaa katika Kundi la 2A tangu mwaka 1988 hadi ulipopandishwa mwaka 2012. Moshi wenyewe haukubadilika siku ile ulipopandishwa. Aliyeuvuta mgodini mwaka 1990 alivuta kisababishi kilekile, tofauti ni kwamba wakati huo neno lililoandikwa lilikuwa yumkini. Kwa kuwa ushahidi kamili hupatikana baada ya watu wa kutosha kuugua, naamini kwamba anayesubiri Kundi la 1 ndipo aweke feni ya kufyonza moshi ameamua, pengine bila kujua, kuwatumia wafanyakazi wake kuukamilisha ushahidi huo.

Kikomo cha hewani

Nchi nyingi huweka kiwango cha juu kinachoruhusiwa cha kila sumu hewani, kwa kawaida kama wastani wa saa 8 za kazi. Nchini Marekani kikomo cha benzini kiliteremshwa mwaka 1987 kutoka sehemu 10 hadi sehemu 1 kwa milioni, na mwaka 2016 kikomo cha vumbi laini la silika kikawekwa kuwa mikrogramu 50 kwa kila mita moja ya ujazo wa hewa. Wengi husoma tarakimu kama hizi kana kwamba chini yake kuna usalama na juu yake kuna hatari. Kwa visababishi vingi vya saratani mpaka wa namna hiyo haujulikani kuwapo. Kikomo ni mapatano kati ya kile ambacho afya inadai na kile ambacho viwanda vinaweza kutimiza kwa vifaa na gharama zilizopo, na mamlaka iliyoweka kikomo hicho cha silika yenyewe ilikiri kwamba chini yake bado hatari kubwa inabaki.

Wastani nao huficha mambo. Mtu anayekata jiwe kwa nusu saa ndani ya wingu zito, kisha akapanga vifaa nje kwa saa zilizobaki, anaweza kuonekana kwenye karatasi kuwa ndani ya kiwango. Anayefanya zamu ya saa 12 badala ya 8 hupata kipimo kirefu zaidi na mapumziko mafupi zaidi, lakini tarakimu iliyobandikwa ukutani ni ileile. Na kila kikomo huwekwa kwa kisababishi kimoja kimoja, ilhali fundi mmoja huweza kuchomelea asubuhi, kupaka rangi mchana na kufanya kazi kando ya jenereta ya dizeli siku nzima.

Kinga huanzia pale vumbi linapozaliwa

Chukua grainda ya mkono inayokata jiwe kavukavu. Wingu jeupe linaloonekana ni sehemu isiyo mbaya zaidi, kwa kuwa chembe kubwa huanguka chini baada ya muda mfupi au hunaswa puani. Chembe zinazofika ndani kabisa ya mapafu ni zile ndogo, takribani mikroni 4 (elfu nne za milimita) au pungufu, ambazo jicho haliwezi kuziona na ambazo huelea kwa saa nyingi baada ya mashine kuzimwa. Wakati fundi anapovua barakoa na kuketi kula, hewa inaonekana safi, lakini chembe hizo bado zimo. Maji yakielekezwa kwenye diski wakati wa kukata, sehemu kubwa ya vumbi hunaswa pale pale. Lakini tope lililobaki sakafuni likiachwa likauke huwa vumbi tena, na ufagio mkavu au mpira wa hewa ya kompresa hulirusha upya hewani. Anayejipuliza nguo kwa kompresa mwisho wa zamu hujipa dozi nyingine, na humpa pia aliye karibu naye.

Kwa hiyo utaratibu unaokubalika duniani una mpangilio wenye maana: kwanza kisababishi kiondolewe kabisa au kibadilishwe na kitu kisicho na hatari, ikishindikana, kazi ifanywe ndani ya mtambo uliofungwa au hewa chafu ifyonzwe pale inapotokea, kisha muda na idadi ya wanaokutana nacho vipunguzwe, na mwisho kabisa vije vifaa vya kujikinga. Mahali pengi mpangilio huo umepinduliwa, barakoa inagawiwa kwanza na mjadala unaishia hapo. Hili linanisikitisha, kwa sababu linaubeba mzigo wote na kuuweka juu ya uso wa mfanyakazi. Barakoa ya vumbi haizuii mvuke hata kidogo. Anayepaka rangi yenye vimumunyisho, yaani vimiminika vinavyoyeyusha rangi, akiwa ameivaa anavuta karibu kile kile ambacho angevuta bila hiyo. Kichujio cha mkaa kinachozuia mvuke hujaa na kuacha kufanya kazi bila kutoa ishara inayotegemeka. Ndevu huacha upenyo. Joto na kupumua kwa shida humfanya mtu aishushe kidevuni kila baada ya dakika chache, na hastahili kulaumiwa kwa hilo. Glavu nyembamba za mpira nazo hupenywa na vimumunyisho vingi ndani ya muda mfupi, kisha huvibana dhidi ya ngozi.

Kwamba kuondoa kabisa kunawezekana kumeonyeshwa hivi karibuni. Mawe ya kutengenezwa kiwandani kwa meza za jikoni huwa na silika ambayo inaweza kuzidi asilimia 90, na wakataji vijana katika nchi kadhaa walianza kupata silikosisi, ugonjwa wa mapafu kujaa makovu, ndani ya miaka michache badala ya miongo. Vumbi hilo hilo liko katika Kundi la 1 tangu mwaka 1997. Australia, baada ya kuona kwamba kanuni za maji na barakoa hazikuwalinda, ilipiga marufuku mawe hayo kuanzia tarehe 1 Julai 2024. Meza za jikoni zinaweza kutengenezwa kwa vitu vingine.

Pamoja na hayo, hatari haiishii getini. Mwaka 1965 Muriel Newhouse na Hilda Thompson, katika uchunguzi wao wa wagonjwa wa mesotelioma London, waliwakuta watu ambao hawakuwahi kufanya kazi na asbesto bali waliishi nyumba moja na mfanyakazi wake. Ovaroli iliyokung'utwa kabla ya kufuliwa ilitosha kuwafikishia nyuzi. Nguo za kazi zinapaswa kubaki kazini na kufuliwa huko, na bafu liwepo. Kumwagiza mfanyakazi avichukue vumbi na sumu hadi nyumbani ni kumwajiri mke wake na watoto wake bila mshahara na bila barakoa.

Makadirio, na wale wasiohesabiwa

Richard Doll na Richard Peto walikadiria mwaka 1981 kwamba takribani asilimia 4 ya vifo vya saratani Marekani vilitokana na kazi. Makadirio ya baadaye ya Uingereza yalifikia kama asilimia 5, yaani vifo vipatavyo 8,000 kwa mwaka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba asbesto ya kazini peke yake huua zaidi ya watu 200,000 kila mwaka duniani. Asilimia 4 au 5 inaweza kusikika ndogo, lakini haikugawanywa sawasawa kwa watu wote: imewaangukia wajenzi, wachimbaji, wachomeleaji, wapaka rangi na wenzao, na kwao sehemu ya saratani inayotokana na kazi ni kubwa mno kuliko wastani huo. Isitoshe, makadirio huhesabu visababishi vilivyokwisha kuchunguzwa, na uchunguzi mwingi umefanywa kwa wanaume walioajiriwa kwa muda mrefu katika viwanda vikubwa. Vibarua wa siku, wafanyakazi wa wakandarasi wadogo na wanawake wa kazi za usafi na saluni hawaonekani vizuri katika takwimu hizo, kwa sababu hakuna daftari lililoandika majina yao.

Kumbukumbu zinavyogeuka kuwa haki

Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu saratani ya kazini, namba 139 wa mwaka 1974, unazitaka nchi zinazouridhia zitambue visababishi mara kwa mara, zivibadilishe pale inapowezekana, zipunguze idadi ya wanaokutana navyo na muda wao, na ziweke mfumo wa kumbukumbu. Unataka pia uchunguzi wa afya wakati wa ajira na, kadiri itakavyohitajika, baada ya ajira kwisha. Kifungu hicho cha mwisho ndicho kinachotambua miaka inayoficha ugonjwa, na ndicho ninachoona kinapuuzwa zaidi, kwani mtu akishaacha kazi hakuna anayehesabu mapafu yake kuwa jukumu lake.

Ujerumani imeonyesha kumbukumbu zinaweza kufanya nini. Huko, saratani ya mapafu ya aliyefanya kazi na asbesto inaweza kutambuliwa kuwa ya kazini hata bila alama nyingine mwilini, ikiwa amefikisha miaka-nyuzi 25: idadi ya nyuzi katika kila sentimita moja ya ujazo wa hewa, mara miaka aliyoivuta. Kuivuta hewa yenye nyuzi 1 kwa miaka 25, au yenye nyuzi 5 kwa miaka 5, huhesabiwa sawa. Kwa kuwa wagonjwa wengi hawana vipimo vya karakana zao za zamani, bima za ajali kazini hukusanya viwango vilivyopimwa kwa kila aina ya kazi katika kila kipindi, na hesabu hufanywa kutokana na kile ambacho mgonjwa alikuwa akikifanya na miaka aliyokifanya.

Mahali pasipo na hifadhi ya namna hiyo, mfanyakazi anaweza kujiandikia mwenyewe, na haimgharimu zaidi ya daftari. Aandike jina la mwajiri na la mkandarasi, tarehe ya kuanza na ya kuacha, kazi aliyokuwa akiifanya hasa kwa mikono yake, majina ya bidhaa jinsi yalivyoandikwa kwenye makopo, kama kulikuwa na feni ya kufyonza hewa, na majina ya wenzake wawili watatu. Chombo kinachobeba mchoro wa kifua cha mtu chenye nyota ndani ya mraba mwekundu uliosimama kwa pembe kina hatari kubwa ya kiafya. Msimbo H350 humaanisha kwamba kinaweza kusababisha saratani, na H351 kwamba kinashukiwa. Karatasi ya taarifa za usalama inayoambatana na bidhaa ina sehemu 16, na zinazohusika zaidi hapa ni ya 2 inayotaja hatari, ya 8 inayoeleza vikomo na kinga, na ya 11 inayoeleza madhara kwa mwili. Anayo haki ya kuiomba na kuipiga picha. Akienda hospitali miaka mingi baadaye, na daktari akamwuliza anafanya kazi gani, ataje pia alizozifanya zamani zote, kuanzia ile ya kwanza.